Erasto Mpemba Hakuibiwa

Kila inapokaribia tarehe 26 Aprili, Siku ya Miliki Ubunifu Duniani, swali lile lile hurudi mezani kwetu: mbona Erasto Mpemba, aliyeripoti tangu akiwa mwanafunzi kwamba maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya yale ya baridi, hakulipwa? Wengine hawaulizi, wanashutumu moja kwa moja. Wanasema Mzungu alimpora kijana wa Kitanzania ugunduzi wake, na Serikali ikazembea kumkatia hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako bila ruhusa. Wapo hata wanaosema viwanda vya barafu duniani vinadaiwa na familia yake. Kazi yangu ni kukagua maombi ya hataza, na malalamiko haya nimeyajibu kwa barua, kwa simu na kwenye mabanda ya maonesho mpaka nimeona heri niyajibu mara moja hapa, kwa urefu. Najua yanatokana na mapenzi kwa mtu wetu. Lakini yanamdhulumu Mpemba mwenyewe, kwa sababu yanafunika alichokifanya.

Ilikuwa mwaka 1963, Mpemba akiwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wavulana walikuwa na mtindo wa kutengeneza aiskrimu: unanunua maziwa kwa akina mama wa jirani, unayachemsha, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friji. Trei zilikuwa chache na wenye hamu wengi. Siku hiyo mwenzake mmoja alimkuta Mpemba anachemsha ya kwake. Akaogopa kukosa nafasi, akatia sukari kwenye maziwa yasiyochemshwa na kuwahi trei. Mpemba akaona imebaki ya mwisho. Akisubiri yapoe, imekwenda. Akamimina maziwa yakiwa ya moto na kuyasukuma ndani hivyo hivyo, huku akijua anaweza kuiharibu friji. Baada ya dakika 90 walirudi kuangalia. Ya Mpemba yameganda. Ya mwenzake bado ni uji mzito.

Akamwuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganya mambo, kitu kama hicho hakiwezekani. Akanyamaza, lakini hakusahau. Likizo ilipofika alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, na huyo akamweleza bila kushangaa kwamba wao huweka mchanganyiko ukiwa wa moto kwa makusudi, ili ugande haraka. Naomba msomaji amkumbuke huyu muuza aiskrimu, maana nitamhitaji tena kwenye sheria.

Baadaye akaendelea na masomo Mkwawa, Iringa. Walipofika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa, akauliza tena. Safari hii mwalimu alisema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia, na darasa likaibeba kama utani: kila akikosea hesabu, hiyo ni hesabu ya Mpemba. Siku moja akakuta maabara ya baiolojia iko wazi. Akachukua bika mbili za sentimita za ujazo 50, moja akaijaza maji ya bombani, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friji ya maabara. Baada ya saa moja hakuna iliyokuwa imeganda yote, ila barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye ile ya moto.

Ndipo alipofika shuleni Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baada ya mhadhara Mpemba alisimama akauliza: vyombo viwili sawa, maji ya ujazo sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, kwa nini kile cha nyuzi 100 kinawahi kuganda? Wenzake waliona amewaaibisha mbele ya mgeni. Osborne alimwuliza kama amejaribu mwenyewe, akajibu ndiyo. Akaahidi kulijaribu Dar es Salaam, na akatimiza. Fundi wa maabara alileta taarifa kwamba maji ya moto yameganda kwanza, ila wangeendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Waliporudia, jibu halikubadilika.

Mwaka 1969 matokeo yalichapishwa katika jarida la Physics Education la Uingereza. Majina yaliyoandikwa juu ni mawili, Mpemba na Osborne, kwa mpangilio huo. La mwanafunzi limetangulia la daktari. Sehemu ya kwanza ni ya Mpemba, anasimulia kwa maneno yake mwenyewe, maziwa na trei vikiwemo. Wakati huo alikuwa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, Moshi. Anayesema aliibiwa, mara nyingi hajawahi kuona ukurasa huo.

Sasa sheria. Chini ya Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, inayotumika Tanzania Bara (Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake ya usajili), hataza hutolewa kwa uvumbuzi, yaani suluhisho la kiufundi kwa tatizo. Uvumbuzi huo lazima uwe na sifa tatu kwa pamoja: uwe mpya, uwe na hatua ya uvumbuzi ambayo mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo asingeifikia kwa wepesi, na uweze kutumika viwandani, kilimo kikiwemo. Ugunduzi, nadharia za kisayansi na kanuni za hisabati zimetengwa waziwazi. Si Tanzania tu. Ndivyo ilivyo karibu kote duniani. Maji kuganda ni kazi ya maumbile, na maumbile hayana mmiliki. Angekuja Mpemba mwenyewe mezani kwangu na bika zake mbili, ningemwandikia barua ya kukataa.

Hata tukiacha hilo, ombi lingekwama kwenye sifa ya kwanza. Muuza aiskrimu wa Tanga alikwishakuitumia mbinu hiyo kazini. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliligusa jambo hili zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na Francis Bacon, mwanafalsafa wa Uingereza, akalitaja karne ya 17. Jambo linalojulikana haliwi jipya kwa sababu wewe umelijua leo. Hili nalirudia kila wiki, na kila wiki yupo mtu anayeniambia kwamba yeye hakuwahi kumsikia mwingine akilisema. Upya haupimwi kwa alichosikia mwombaji. Unapimwa kwa kilichokwisha kuwekwa hadharani.

Kwa wenye uvumbuzi wa kweli, wajue yafuatayo. Ombi huwasilishwa BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, likiwa na maelezo yanayomwezesha fundi mwingine kukitengeneza kitu hicho, madai yanayoeleza mipaka ya kinachoombewa kinga, michoro inapohitajika, na muhtasari. Madai ndiyo kiini, na ndiyo huandikwa vibaya kuliko yote. Ukiandika “mashine bora ya kukoboa mpunga” hujadai kitu. Tarehe ya kuwasilisha ni muhimu kuliko tarehe uliyopata wazo, na kuanzia hapo una miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine wanachama wa Mkataba wa Paris wa kulinda mali ya viwandani (si ule wa tabianchi) huku ukihesabiwa tarehe ile ile ya kwanza. Mwezi wa 13 haki hiyo huikuti. Wanaotaka kinga katika nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja wanaweza kupitia ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika, lililoko Harare. Usioneshe kifaa chako kwenye televisheni kabla ya kuwasilisha; sheria ina misamaha michache, nakushauri usiitegemee.

Hataza ikishatolewa hudumu miaka 10 tangu kuwasilishwa, na inaweza kuongezwa mara mbili, miaka 5 kila mara. Ada hulipwa kila mwaka. Ukichelewa kuna muda wa nyongeza, lakini unalipa pamoja na faini, na muda huo nao ukipita hataza inakufa, yeyote anaweza kukitumia kitu chako bure. Barua za kusema mlipaji alikuwa safarini tunazipokea nyingi. Akikuiga mtu wakati hataza iko hai, unakwenda mahakamani, nayo inaweza kumzuia na kuamuru ulipwe fidia. Ofisi ya usajili haikamati mtu.

Maandishi yako yana njia nyingine. Makala ya kisayansi inalindwa na hakimiliki tangu unapoiandika, kwa uhai wako na miaka 50 baada ya kufariki. Lakini kinacholindwa ni maneno, si wazo lililomo. Mtu akinakili makala ya Mpemba amekosa. Akirudia jaribio lake Mtwara hajakosa kitu, na hivyo ndivyo sayansi inavyotaka.

Na limerudiwa kweli. Mwaka ule ule wa 1969 George Kell wa Kanada naye aliandika kuhusu jambo hilo hilo bila kujua ya Mpemba. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora zaidi, na majibu zaidi ya 22,000 yakatumwa. Kuna wanaotaja mvukizo, wengine myuko (mzunguko wa maji ya moto na ya baridi ndani ya chombo), wengine hewa iliyoyeyuka ndani ya maji. Mwaka 2016 Burridge na Linden walipima kwa uangalifu maji yakishuka hadi nyuzi sifuri, hawakuona tofauti ya kuaminika, na wakaonya kwamba hata mahali unapoweka kipimajoto panaweza kukudanganya. Mwaka 2020 watafiti wa Simon Fraser University, Kanada, wakaonyesha tabia hiyo kwa chembe ndogo sana zilizo ndani ya maji, na mwaka 2024 ikaonekana kwenye ioni, yaani atomu zenye chaji ya umeme. Watafiti wa leo, wanaokubali na wanaopinga, wanaliita jina moja: athari ya Mpemba. Mwenye jina alifanya kazi ya uhifadhi wa wanyamapori katika Wizara ya Maliasili na Utalii, si kwenye maabara ya fizikia.

Mwaka jana binti wa kidato cha pili aliletwa na mama yake akitaka hataza. Alikuwa na daftari la mistari, kurasa tisa, ameandika siku baada ya siku jinsi mbegu za mchicha alizoziloweka maji ya jikoni zilivyoota mapema kuliko nyingine. Kila ukurasa una tarehe, idadi ya mbegu, na pale alipokosea amekata kwa mstari mmoja bila kufuta. Nilimweleza kwamba hataza hapati, na nikaona uso wa mama umebadilika. Kisha nikamwambia aweke sahihi kila ukurasa, mwalimu wake asaini chini yake, aoteshe mara ya pili akiwa na mbegu za kulinganisha, na apeleke kazi hiyo kwenye mashindano ya wanafunzi ya Young Scientists Tanzania au MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Akaniuliza jina lake litakaa wapi. Nikamwonyesha, juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kabla ya la mwalimu.