Manierismo ni nini? Jibu kutoka kwa picha isiyo na msalaba

Manierismo ni mtindo wa sanaa ulioanza Italia, hasa Firenze na Roma, miaka ya 1520. Wachoraji wake hawakupungukiwa na ujuzi. Walikulia katika kazi za Leonardo, Raphael na Michelangelo, na vipimo vya mwili wa binadamu walivijua barabara. Waliviacha kwa makusudi: wakarefusha shingo na vidole, wakasokota viwiliwili, wakatumia rangi ambazo jicho halikuzitarajia.

Kwangu mimi, picha inayoueleza mtindo huu kuliko zote ni ya Jacopo Pontormo, aliyoichora kati ya 1525 na 1528 kwa ajili ya altare (madhabahu) ya familia ya Capponi, kanisa la Santa Felicita, Firenze. Hadi leo ipo palepale. Huitwa Kushushwa Msalabani, lakini msalaba wenyewe haumo. Mkatoliki aliyezoea kituo cha 13 cha Njia ya Msalaba atatafuta ngazi, kilima na misumari, asivione. Kuna kipande cha ardhi, wingu moja, na watu waliosongamana tangu chini hadi juu. Kijana aliyebeba mwili wa Yesu amechuchumaa kwa ncha za vidole vya miguu. Mzigo ule ungemwangusha mtu yeyote. Mikono imepishana hata huwezi kujua mara moja upi ni wa nani. Nguo ni za waridi na samawati, hakuna nyeusi ya msiba. Mama Maria anazimia huku mkono ukiwa bado umenyooshwa kwa mwanawe anayechukuliwa.

Wapo waliouita mtindo huu upotofu wa sanaa. Sikubaliani nao hata kidogo. Huzuni ya namna hii haina mahali pa kukanyaga, na Pontormo ameinyima ardhi. Tena picha iko juu ya altare: mwili unaelekea kuteremshwa pale padri anapoinua hostia, mkate wa misa.

Mwenzake, Rosso Fiorentino, alikuwa amechora tukio hilohilo mwaka 1521 kwa ajili ya mji wa Volterra. Kwake msalaba na ngazi vimo, ila watu wana maungo yenye pembe kali, kama waliochongwa kwa shoka.

Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulitaka picha za kanisani zimfundishe imani muumini wa kawaida bila kumtatiza. Manierismo ikaanza kupoteza nafasi yake altareni.