Je, wajua ni nini hasa kinachozichosha figo za mwenye kisukari?

Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, wengi huamini kwamba dawa za kisukari ndizo zinazoua figo. Wanaosema hivyo wameona jambo la kweli: mtu ametumia metformini miaka mingi, kisha daktari akamwachisha siku vipimo vya figo viliposoma vibaya. Lakini kilichotangulia ni figo. Metformini hutoka mwilini kwa mkojo. Uchujaji wa damu kwenye figo ukishuka chini ya mililita 45 kwa dakika, dozi hupunguzwa. Chini ya 30, dawa husimamishwa, maana figo dhaifu huiacha irundikane kwenye damu. Anayetupa vidonge kwa hofu hiyo huipandisha sukari, na sukari ndiyo inayobomoa. Kama kuna vidonge vya kuogopa, ni vya maumivu kama diklofenaki, vinavyomezwa kila siku bila kumwuliza daktari.

Figo huchuja kama lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, zikiwa na gramu 180 hivi za sukari, na karibu yote hurudishwa kwenye damu. Wafikirie wachukuzi wa bandarini: kila gunia la sukari hurudishwa ghalani likiwa limefungwa pamoja na chumvi. Mwisho wa njia yuko karani anayehesabu chumvi iliyobaki. Sukari ikizidi, wachukuzi huongezeka, na chumvi nyingi zaidi hurudi nayo. Karani akiona chumvi kidogo, hudhani mzigo ulioingia ni haba, huamuru lango la kuingizia damu lipanuliwe. Damu huingia kwa shinikizo, vichujio huumia, protini huanza kuvuja. La ajabu, wakati huo kipimo cha uchujaji chaweza kusoma juu kuliko kawaida! Ndiyo maana mkojo upimwe albumini, aina ya protini, kila mwaka: ikifika miligramu 30 au zaidi kwa gramu ya kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwa mkojo, kipimo kirudiwe.

Wachukuzi hao nao wanahitaji chakula. Seli za mirija ya figo hutegemea zaidi mafuta, yanayochomwa kwa oksijeni. Katika kisukari uchomaji huo hufifia, mafuta hujaa ndani ya seli, makovu hufuata. Hapa ushahidi mwingi ni wa panya, na bado kuna mjadala kama hiki ni chanzo au matokeo.

Habari ya lango ina mashiko zaidi. Dapagliflozini, dawa nyingine ya kisukari, huwazuia wachukuzi: sukari hutoka na mkojo, chumvi humfikia karani, lango hubanwa. Jaribio kubwa lililochapishwa 2020 lilionyesha kuwa figo huharibika polepole zaidi, hata kwa wasio na kisukari.

Wiki za mwanzo namba ya uchujaji hushuka kidogo. Hilo ni lango kubanwa, na kwa kawaida hutulia. Ila ukitapika, ukiharisha au ukishindwa kula, dawa hii husimamishwa mpaka ule tena, kwa sababu damu yaweza kujaa asidi hata sukari ikisoma vizuri. Anayekusudia kufunga Ramadhani amwone daktari kabla mwezi haujaandama.