Je, wajua kwa nini buti huteleza juu ya barafu, ilhali meno madogo ya chuma yanayofungwa chini yake hushika?

Anayepanda Mlima Washington, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, wakati wa majira ya baridi hukuta njia ambayo theluji yake imeshindiliwa na waliotangulia, ikayeyuka kidogo mchana, kisha ikaganda usiku hadi ikawa ngumu na nyororo kama kigae.

Kwa miaka mingi niliamini maelezo niliyofundishwa: kwamba uzito wa mtu huigandamiza barafu, mgandamizo huo huiyeyusha, na maji yanayotokea ndiyo yanayomtelezesha. Maelezo hayo yana msingi, kwa maana mgandamizo hushusha kweli kiwango cha kuganda, na mwaka 1886 mwanafizikia wa Ireland John Joly aliyatumia kueleza mtelezo wa viatu vya kutelezea barafuni. Kasoro yake imo katika hesabu. Ili barafu iyeyuke ikiwa nyuzijoto 1 chini ya sifuri, inahitaji mgandamizo wa takriban mara 135 ya ule wa hewa inayotuzunguka. Mtu wa kilo 80 pamoja na mzigo wake, akisimama kwa mguu mmoja juu ya soli ya sentimita za mraba 200, huongeza mgandamizo usiofika hata nusu ya ule wa hewa, nao hushusha kiwango cha kuganda kwa takriban sehemu 3 katika 1,000 za nyuzijoto 1. Tena, baridi ikizidi nyuzijoto 22 chini ya sifuri, hakuna mgandamizo unaoweza kuiyeyusha barafu, na bado watu huteleza.

Jibu limo katika ngozi ya barafu yenyewe. Fikiria daladala iliyojaa: abiria wa katikati wamebanwa pande zote na hawawezi kutikisika, ilhali kondakta anayening'inia mlangoni ameshikilia upande mmoja tu, na kila kona humyumbisha. Molekuli za maji zilizo ndani ya barafu ni kama abiria wale. Za juu kabisa ni kama kondakta, hazina jirani wa kuzishika kwa juu, hivyo hulegea na kusogea kwa urahisi. Mwanasayansi wa Uingereza Michael Faraday alipendekeza kuwapo kwa tabaka kama hilo mwaka 1850. Joto la msuguano huongeza ulegevu huo, ingawa wataalamu bado wanajadiliana kuhusu mchango wa kila kimoja. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2018 vilionyesha kuwa barafu huteleza zaidi ikiwa karibu na nyuzijoto 7 chini ya sifuri. Lakini kilichoburutwa humo kilikuwa chuma, si soli ya mpira, ambayo nayo hukakamaa kwenye baridi.

Dalili kwamba joto hubadili utelezi wa barafu iko jikoni. Kipande cha barafu kikitoka tu kwenye friza hung'ang'ania vidole vyenye unyevu. Baada ya dakika chache hukuponyoka.

Mgandamizo niliousingizia utelezi ndio hasa unaoeleza kwa nini meno hushika. Uzito uleule uliotawanyika kwenye soli nzima sasa hutua kwenye ncha chache nyembamba kama za misumari, ukazidi nguvu za barafu, na ncha zikazama kama njumu za mchezaji kwenye uwanja uliolowa. Tabaka legevu la juu halina tena la kufanya: ili mguu uteleze, lazima jino livunje barafu ngumu iliyo mbele yake. Kwa njia iliyoshindiliwa, mpira wenye minyororo na meno ya chuma ya takriban sentimita 1, unaovalishwa juu ya buti, hutosha. Kwenye miteremko mikali ya barafu huhitajika kramponi, yaani fremu za chuma zinazofungwa chini ya buti, zenye meno marefu zaidi, kwa kawaida 10 au 12.

Theluji yenye majimaji, hata hivyo, hujibana kati ya meno hayo na kufanya donge chini ya buti, kiasi kwamba ncha haziigusi tena barafu na uzito unarudi kutawanyika. Ndiyo sababu kramponi nyingi huwekewa bamba la plastiki au mpira kwa chini, na mpandaji mwenye uzoefu huonekana akizigonga kwa fimbo kila baada ya hatua chache.