Mwili Unasingiziwa: Dhana Potofu Kuhusu Mwanadamu na Kukua Kiroho

"Ni mwili tu unanisumbua, roho yangu iko sawa." Anayeketi na watu kuwasikiliza habari za roho zao hamalizi wiki bila kuambiwa hivyo, awe Kondele au Nakuru mjini, na msemaji awe Mkatoliki, Mwanglikana, wa Friends (Quaker) au wa kanisa la mabati lililofunguliwa juzi. Ukimdodosa, shida yenyewe ni kwamba amemsengenya mzee wa kanisa, hasemi na dada yake tangu mazishi ya baba yao, na deni la chama halipi. Dawa aliyojiandikia ni siku saba bila chakula kwenye mapango ya Menengai au chini ya mawe ya Kit Mikayi, mahali watu wanapopanda kwenda kuomba. Anarudi amekonda, macho yameingia ndani, na fitina yake haijapungua hata kilo.

Dhana: mwili ni mbaya, roho ni safi

Tuanze na neno lenyewe, maana hapa ndipo Biblia ya Kiswahili inapowaponza wasomaji wake. Paulo ana maneno mawili ya Kigiriki. Moja ni soma, mwili huu wa mifupa na damu. La pili ni sarx, ambalo kwa asili ni nyama, lakini yeye mara nyingi hulitumia kwa mtu mzima, akili na moyo pamoja, anayeishi akiwa amempa Mungu mgongo. Toleo la Muungano la 1952, ambalo ndilo lililo kwapani mwa wengi Jumapili, linayaita yote mawili mwili. Kwa hiyo msomaji anakutana na "matendo ya mwili" katika Wagalatia 5:19, halafu anaambiwa katika 1 Wakorintho 6:19 kwamba mwili wake ni hekalu la Roho Mtakatifu, na hana njia ya kujua kwamba neno limebadilika.

Wakolosai 2:23 ndiyo inayomaliza kesi. Paulo anawakemea watu wa "usishike, usionje, usiguse" na kusema kwamba kuutawala mwili kwa ukali hakufai kitu kwa kuzizuia tamaa za mwili. Kwa Kiswahili aya hiyo inazunguka kama mbwa anayefuata mkia wake. Kwa Kigiriki imenyooka: mwili wa kwanza ni soma, wa pili ni sarx. Ukali juu ya mifupa na tumbo hauifikii ile hali ya moyo inayojitakia makuu. Mtume amelijibu swali la Menengai karibu miaka 2,000 iliyopita, na watu bado wanapanda.

Asiyeamini na ahesabu. Orodha ya Wagalatia 5 katika toleo hilo ina matendo 15. Yanayohitaji tumbo au viungo ni matano: uasherati, uchafu na ufisadi mwanzoni, ulevi na ulafi mwishoni. Katikati mna ibada ya sanamu na uchawi, kisha manane mfululizo: uadui, ugomvi, wivu, hasira, fitina, faraka, uzushi, husuda. Yote manane yanaweza kutendwa na mtu aliyefunga siku ya tano, amekaa kimya kwenye benchi la mbele. Isaya aliwaona watu hao mapema: 58:4 inawataja wanaofunga "mpate kushindana na kugombana".

Augustine, mwanateolojia Mwafrika wa Thagaste katika Aljeria ya leo, aliijua dhana hii kwa ndani, kwa kuwa alikaa miaka tisa hivi na Wamanikeo, waliofundisha kwamba maada ni ya ufalme wa giza. Alipokuja kuandika juu ya mji wa Mungu, katika kitabu cha 14, aliuliza swali ambalo linafaa kuulizwa kila kesha: ibilisi hana mwili, basi kiburi chake na husuda yake vilitoka wapi? Akamalizia kwamba si nyama iharibikayo iliyoitia roho dhambini. Roho iliyotenda dhambi ndiyo iliyoufanya mwili uharibike. Wanaosema "ni mwili tu" wamegeuza mashtaka: mwizi yuko nje na shahidi yuko rumande.

Basi dhana imetoka wapi? Kwa sehemu kubwa ni ya Wagiriki. Walikuwa na mchezo wa maneno, soma sema, yaani mwili ni kaburi, na Plato anautaja. Kwake mwanafalsafa hujizoeza maisha yake yote kuachana na mwili. Baadhi ya Wagnostiki, watu wa kale waliotafuta wokovu katika maarifa ya siri, waliichukua hoja hiyo wakafika mahali pa kukana kwamba Kristo alikuwa na mwili wa kweli, na kukana kwa namna hiyo ndiko 1 Yohana 4:2 inakokupinga inapoweka kipimo cha kila roho kwenye ungamo kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili. Yohana 1:14 nayo, iliposema Neno alifanyika mwili, ilichagua sarx, lile neno zito la nyama, ili mtu asidhani alijifunika mwili kama koti la mvua.

Wagiriki wenyewe hawakukubaliana. Aristotle, mwanafunzi wa Plato kwa miaka 20, alisema nafsi ni umbo linaloufanya mwili uwe hai, hivyo kuuliza kama nafsi na mwili ni kitu kimoja ni kama kuuliza kama nta na alama iliyopigwa juu yake ni kitu kimoja. Mwanateolojia Thomas Aquinas (1225–1274) aliifuata njia hiyo, na akifafanua 1 Wakorintho 15 akaandika kwamba nafsi yangu siyo mimi. Ndiyo maana imani inangoja ufufuo wa mwili. Mwanzo 2:7 haikusema mtu alipewa nafsi ikae ndani yake kama mpangaji; imesema mtu akawa nafsi hai.

Atakayejitetea kwa 1 Wakorintho 9:27, "nautesa mwili wangu na kuutumikisha", aanzie aya ya 24. Paulo anazungumzia mkimbiaji. Mkimbiaji wa Iten huamka alfajiri na kujinyima mengi, lakini haichukii miguu yake, wala hashindi njaa wiki nzima kabla ya mbio.

Funga basi, lakini ufunge kama Kanisa lilivyofunga. Didake, mwongozo wa Wakristo wa mwanzo kabisa, unataja siku mbili, Jumatano na Ijumaa, na desturi iliyoenea ilikuwa kukaa bila chakula hadi saa tisa, ambayo ni saa tisa yetu hii ya alasiri. Kunywa maji. Hesabu bei ya chakula ulichoacha, umpe mwenye njaa siku hiyohiyo. Mfungo usiomshibisha mtu mwingine ni kubana matumizi tu. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye vidonda vya tumbo wasifunge. Anayetumia insulini, dawa za kifua kikuu au ARV haachi dozi hata moja kwa ajili ya mfungo, na azungumze na daktari kabla ya kuruka mlo. Mwenye selimundu (sickle cell), na huku Nyanza na Magharibi wako wengi, asikae bila maji kabisa: damu ikikosa maji chembe hujikunja, mishipa huziba, na maumivu yanayofuata yanamlaza hospitalini. Si shambulio la adui. Ni ukosefu wa maji. Aliyezidisha siku kadhaa bila kula aanze na uji mwepesi kidogo kidogo. Ugali na nyama siku ya kwanza vinaweza kumdhuru vibaya.

Na kama umechoka tu, soma 1 Wafalme 19. Eliya anaomba kufa chini ya mretemu. Malaika hamkemei wala hamfungishi. Anamwacha alale, anampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji, anamwacha alale tena, anamlisha mara ya pili. Sauti ndogo ya utulivu inakuja baadaye sana.

Dhana: nimeombewa, kwa hiyo hasira imeisha

Kisha Jumanne hasira imerudi, na mtu anatafuta mchungaji mwingine mwenye mikono mizito zaidi. Kuombewa ni kwema. Ila hasira ya miaka 20 ni mazoea, na mazoea hujengwa kwa kurudiarudia, hubomolewa vivyo hivyo. Aristotle aliona kwamba mtu huwa fundi wa kujenga kwa kujenga, na huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu. Paulo anamwambia Timotheo "ujizoeze kupata utauwa", yaani uchaji wa Mungu, kwa kitenzi cha Kigiriki cha mazoezi ya wanariadha.

Njia ya Ignatius wa Loyola (1491–1556), mwanzilishi wa Wajesuiti, haijapitwa. Chagua kosa moja, si matano. Asubuhi ukiamka ulikusudie. Siku moja ina mistari miwili kwenye daftari: wa asubuhi na wa alasiri. Baada ya chakula cha mchana jikague saa kwa saa, utie nukta kwa kila mara ulipoanguka. Baada ya cha jioni vilevile kwenye mstari wa pili. Linganisha mstari na mstari, siku na siku, wiki na wiki. Wengi huharibu kwa kuongeza kosa la pili kabla la kwanza halijapungua, au kuacha daftari siku nukta zinapojaa, wakati hiyo ndiyo siku lina kazi.

Dhana: mtu ana sehemu tatu, Biblia imesema

Imetaja tatu katika 1 Wathesalonike 5:23: nafsi, roho na mwili. Marko 12:30 inataja nne: moyo, roho, akili na nguvu. Paulo na Marko hawakuwa wakichora ramani ya viungo.

Dhana: mwanadamu hana jema hata moja

Wanaohubiri upotovu kamili wamelisikia neno "kamili" vibaya. Mafundisho ya Kireformed, yaani ya mapokeo ya Calvin, husema dhambi imegusa kila upande wa mtu, akili yake na utashi wake pia. Hayasemi kila mtu ni mbaya kwa kadiri awezavyo kuwa. Kondakta asiyeingia kanisani na bado akakurudishia simu uliyoisahau kwenye matatu si mtego.

Dhana: maombi yamekauka, basi Mungu ameondoka

Evagrius wa Ponto, mtawa wa jangwa la Misri aliyefariki 399, alieleza pepo la uvivu wa moyo linalomjia mtawa kuanzia saa nne hadi saa nane: jua linaonekana halisogei, mtu anachungulia dirishani, anachukia mahali alipo. Aliyewahi kukaa Kisumu mchana wa Februari hahitaji maelezo zaidi. Ignatius ana sababu tatu za ukavu: uzembe wetu, kujaribiwa, na kufundishwa kwamba faraja ni zawadi. Ni moja tu kati ya tatu iliyo kosa lako. Wakati huo usihame kanisa, usivunje nadhiri, usibadilishe uamuzi uliofanya ulipokuwa na amani. Ukaidi unaoruhusiwa ni mmoja. Kama uliahidi dakika 30 na kufikia ya 20 unatamani simu, kaa 35.