Shuleni katulia, nyumbani kalipuka: si deko

Nimeambiwa tena wiki hii kuhusu mtoto anayelipuka akirudi nyumbani: "Mbona shuleni anatulia? Basi anaweza, ila nyumbani anadeka." Hapana. Hapana kabisa.

Sehemu ya mbele ya ubongo, inayozuia papara, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Mtoto mchanga hajitulizi, hutulizwa, na kwa kubembelezwa mara nyingi ndipo hujifunza. Hata akiwa na miaka 6 bado humhitaji mtu mzima ili hasira ishuke.

Hisi tano mnazijua. Ongezeni hisi ya mizani ya mwili kutoka sikio la ndani, taarifa za misuli na maungio, na zile za tumboni na kwenye kibofu. Watoto hawazipokei sawasawa. Yupo anayeteswa na lebo ya shati, yupo anayejibamiza ukutani akitafuta mguso mzito.

Sasa turudi shuleni. Viti vinaburutwa, kengele inalia, wenzake wanampamia, kola inamkera shingoni, naye anajizuia kutwa. Kila kero ni ndogo, lakini zinalundikana, na kujizuia kwenyewe kunachosha. Anafika kwako, mtu asiyemwogopa, unamwambia avue soksi, anaanguka chini kwa kilio. Soksi haina kosa! Aliyebeba gunia hadi mlangoni hajathibitisha kwamba anaweza kulibeba hadi usiku.

Basi akifika, maswali na hotuba vingoje. Mpe maji, kitu cha kutafuna, chumba kisicho na televisheni. Mkumbatie kwa kumbana akitaka. Ukimpapasa, fanya polepole: neva za ngozi zinazopokea mguso wa upole huitika vizuri zaidi mkono ukienda kama sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde. Asiyetaka kuguswa aachwe.

Fani yangu, ya hisi za watoto, ina ubishi, na wazazi wana haki ya kuujua. Mwaka 2012 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilishauri tatizo la uchakataji wa hisi, yaani ubongo kushindwa kupanga vizuri taarifa za hisi, lisitumike kama utambuzi wa ugonjwa unaojitegemea. Utafiti wa 2014 kwa watoto wenye usonji haukuona blanketi zito, lililotiwa uzito makusudi ili limbane mtoto, likiwaongezea usingizi, ingawa watoto na wazazi walilipenda. Mimi hulikubali mtoto akilipenda, ila sisemi ni dawa.

Na kama shuleni anajizuia mpaka hali chakula wala haendi chooni, mwalimu aambiwe mapema, hata kama hajawahi kumwona akilia.