Silikoni si gasketi: kwa wenye magari na mafundi wa Mombasa

Tunaokagua magari hapa Mombasa tumekuwa tukipokea lalamiko la aina moja mara kwa mara. Gari limetoka gereji, limefungwa upya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda za injini), mwenyewe kalipa, kisha akilileta linafeli. Injini inatetemeka gari likiwa limesimama, au kanyagio la breki ni gumu kama jiwe. Mwenye gari anahisi ameonewa. Fundi naye anaapa kwamba kazi yake ni safi, na ushahidi wake ni kuwa alijaza silikoni, ile gundi ya kuzibia ya tyubu, mpaka ikafurika. Ndugu zangu, hiyo silikoni iliyofurika ndiyo kesi yenyewe.

Tunazungumzia manifoldi ya hewa, si ile ya moshi. Kwenye injini ya petroli inayonguruma polepole, shinikizo ndani ya manifoldi huwa chini ya lile la nje kwa kilopaskali 60 hadi 70 hivi. Kwa hivyo gasketi, kile kizibo chembamba kati ya manifoldi na injini, ikivuja hakuna kinachotoka. Hewa ndiyo inayovutwa ndani, na hewa hiyo haikupita kwenye sensa inayoipima. Petroli inakuwa chache kwa hewa iliyopo, injini inakosa mpigo, inachemka kupita kiasi ndani ya silinda, taa ya injini inawaka na mashine ya kusoma hitilafu inaonyesha P0171, yaani petroli ni chache kwa hewa. Mwenye gari hununua plagi, kisha koili, kisha sensa. Gasketi ndiyo huwa ya mwisho kutazamwa.

Kuhusu breki: watu wengi hawaamini tunapowaambia kwamba kanyagio gumu linaweza kutokana na manifoldi. Busta ya breki, kifaa kinachousaidia mguu wako kukanyaga, kwenye gari la petroli hutegemea ule mvuto wa manifoldi. Mvuto ukipungua, mguu wako unabaki kufanya kazi peke yake, na hapo huenda uko kwenye mteremko wa kuingia feri ya Likoni na foleni iko mbele yako. Matatu za dizeli hazina shida hiyo, kwa kuwa busta yao huendeshwa na pampu yake. Lakini kwa dizeli yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini), gasketi ikivuja hewa hutoka nje unapokanyaga mafuta, nguvu hupungua na moshi huwa mweusi.

Sasa silikoni. Ile ya kawaida ya tyubu haistahimili petroli: huvimba, hulainika, hukatika. Unayoiona imefurika nje, nyingine kama hiyo imefurika ndani ya tundu la hewa, na kipande kikikatika safari yake ni kwenye vali. Tena inateleza. Ukiipaka juu ya gasketi halafu ukakaza, gasketi husogea kutoka mahali pake. Zipo injini, hasa za umbo la V, ambazo kitabu chenyewe kinaagiza silikoni kidogo kwenye pembe na kwenye ncha mbili manifoldi inapokutana na bloku. Hapo weka, kwa kiasi kilichoandikwa. Kwingineko gasketi hufungwa kavu. Manifoldi ya plastiki ina mipira yake kwenye mifereji. Hiyo hubadilishwa, haigandishwi kwa chochote. Na gasketi iliyokatwa kwenye katoni ya biskuti hatutaijadili.

Kinachoziba ni uso safi, ulionyooka, na bolti zilizovutwa sawasawa. Kwetu pwani uso huo una adui wake. Unyevu wenye chumvi hula alumini inapogusana na bolti ya chuma, na utaona unga mweupe umezunguka matundu. Mafundi wengi hukimbilia diski ya kusaga. Tafadhali, acheni. Inachimba alumini, na vumbi lake huingia kwenye oili na kula beringi. Ziba matundu kwa vitambaa, kwangua kwa plastiki au mbao, futa kwa kisafishio kisichoacha mafuta, kisha hesabu vitambaa vyako unapovitoa. (Nimewahi kukitoa kimoja mwenyewe, miezi mitatu baada ya kazi ya mtu mwingine.) Weka rula ya chuma juu ya uso na upime mwanya chini yake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia. Kikomo kimo kwenye kitabu cha injini yako, na mara nyingi ni karibu na milimita 0.10. Ikizidi, ipelekwe kusawazishwa kwa mashine.

Bolti zote zianze kwa vidole. Kaza kutoka katikati kwenda nje, kwa kupishanisha pande, raundi mbili au tatu, kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza. Mkono wa fundi wa miaka ishirini tunauheshimu, lakini hausomi kipimo.

Upande wa sheria, kwa kuwa maswali ni mengi. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 55, hairuhusu gari lenye hali ya kuhatarisha watu kutumika barabarani. Adhabu, kwa kifungu cha 58, ni faini isiyozidi shilingi 400,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Anayewajibika hapo ni anayeliendesha au kulitumia gari barabarani, kwa hivyo kusema fundi aliniambia liko sawa hakukusaidii. Kukosa cheti halali cha ukaguzi ni kosa jingine, lenye faini ya shilingi 10,000 kwa kanuni za makosa madogo za mwaka 2016. Moshi nao una kanuni zake za ubora wa hewa. Mkaguzi hupima hali ya gari. Hachagui gereji, hauzi spea, na habishani kuhusu faini, ambayo ni ya mahakama.

Kabla ya kuja, jaribu haya mwenyewe. Usinyunyize petroli kwenye manifoldi ili kusikia injini ikibadilika. Hivyo ndivyo magari yanavyoungua. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, shikilia mguu hapo hapo, kisha washa. Kanyagio linapaswa kuzama kidogo. Lisipozama, usituletee gari kwa kuliendesha. Mwite fundi alifuate lilipo.