Rejeta ikitoa mapovu usikimbilie kufungua hedi

Kuna Fuso ya kubeba vitunguu ililetwa hapa karakana yetu Moshi, hedi (kile kifuniko cha juu cha silinda) imeshashushwa mara mbili ndani ya miezi mitatu, gasketi mpya mara mbili, hedi imeskimiwa (imekwanguliwa mashineni inyooke) mara mbili, na bado ikipanda na mzigo inachemsha na rejeta inatema maji. Mwenye gari kashakata tamaa anataka auze. Sisi wala hatukushika spana. Tuliwasha injini ikiwa ya baridi, mfuniko wa rejeta uko wazi, mapovu yanatoka kweli, tukasubiri upepo wa breki ujae. Mshale ulipofika kwenye baa 8 hivi kompresa (pampu inayojaza upepo wa breki) ikaacha kusukuma na mapovu yakakata hapo hapo. Tukamwambia dereva akanyage breki mara kadhaa upepo ushuke, mapovu yakarudi. Hedi haikuwa na kosa lolote, shida ilikuwa kompresa ya upepo.

Wengi hawajui kwamba kwenye malori mengi ya breki za upepo kompresa inapozwa na maji yale yale ya injini, na ina kihedi chake na gasketi yake ndogo. Ikipata ufa au gasketi yake ikiungua, upepo unaingia kwenye maji, paipu zinakuwa ngumu, rejeta inatapika, gari inachemsha, yani dalili zote za gasketi ya hedi kasoro moshi. Ndo maana wanafunzi wangu nawakataza kutamka neno hedi kabla hawajapima kompresa, na kipimo chenyewe ni bure.

Sasa sio kwamba gasketi haziungui, zinaungua sana. Dizeli yenye tabo (turbo, feni inayosukumia injini hewa) mafuta yakilipuka presha ndani ya silinda inapita baa 100, yani zaidi ya mara kumi ya upepo uliomo kwenye tairi la Fuso, na kinachozuia hiyo presha isitoroke ni kile kijikaratasi cha chuma kilichobanwa kati ya hedi na bloku. Sasa dereva au tajiri anataka gari "ivute", anaenda kwa mtu anafungua skurubu ya pampu iongeze dizeli, gari inavuta kweli mpaka inapandisha Marangu kama haina mzigo, lakini joto na presha vimepanda na gasketi haikuambiwa. Hapo usimlaumu aliyeuza gasketi.

Sababu ya pili, na kwangu ndo kubwa kuliko zote, ni kuchemsha. Hedi ikipata joto kupita kiasi inapinda, bolti zinalegea mkamato, gari likipoa hedi hairudi ilivyokuwa. Na huku kwetu kuna jambo la ziada: Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yakiwa wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayasubiri 100. Kinachosaidia ni mfuniko wa rejeta kushikilia presha ili maji yavuke hata nyuzi 110 bila kuchemka. Mfuniko ukichoka springi, gari ambayo Tanga ilikuwa salama ikifika Usa River inapiga mvuke. Kimfuniko tu hicho, watu wanabadilisha rejeta nzima. Kuhusu kutoa thermostati (kile kidude kinachofungulia maji njia ya rejeta yakipata moto), najua mafundi wetu wanaipenda hii, ila kuna injini ambazo thermostati ndo inafunga njia ya mkato ya maji, ukiitoa maji mengi yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta na gari inazidi kuchemsha. Na maji ya bomba, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika nyumbani, yanaacha ukoko huo huo ndani ya injini. Weka kulanti, maji maalumu ya kupozea injini.

Kwa hiyo kompresa umeshaitoa kwenye lawama, unapima nini. Asubuhi kabla ya kuwasha minya paipu ya juu ya rejeta. Ikiwa gari imelala usiku kucha imepoa kabisa na paipu bado ina presha, au ukiwasha ndani ya dakika moja mbili paipu inakuwa ngumu wakati maji hayajapata hata uvuguvugu, basi hiyo presha haijatoka kwenye joto, kuna gesi inaingia. Moshi mweupe angalia vizuri, maana mwezi wa saba asubuhi dizeli nyingi zinatoa moshi mweupe wa mafuta ambayo hayajaungua, ule unawasha macho na unakata injini ikipata moto. Mvuke wa maji hauwashi, na hauishi hata injini ikiwa ya moto, huo ndo wa maji yanayoingia kwenye silinda. (Moshi wa Moshi ni somo lake, wageni tunawaacha wacheke.)

Oili kwenye rejeta ni kesi nyingine kabisa. Watu wakiona ule ugali wa kahawia kwenye rejeta wanasema hedi, mi nasema anza na kipoza oili. Injini ikiwaka presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji, kipoza kikitoboka oili inakimbilia kwenye maji. Kitoe, kizibe, kijaze upepo, kizamishe kwenye ndoo, utaona. Maji kwenye oili nayo yanaweza kutoka kwenye ringi za mpira chini ya slivu (bomba la chuma ambalo pistoni inapanda na kushuka ndani yake), na hapo ukibadilisha gasketi kumi hutapona.

Ukitaka kujua ni silinda ipi inavuja, jaza presha kwenye rejeta kwa pampu ya kupimia, isizidi iliyoandikwa kwenye mfuniko, acha masaa kadhaa, toa nozeli (zinazonyunyiza dizeli) zote, kaa pembeni usiinamie juu yake, piga stata, silinda inayotema maji ndo hiyo. Na kama asubuhi stata inagonga na kugoma usilazimishe wala usisukume gari, maji hayakandamiziki, utapinda konrodi, mkono unaoshika pistoni. Ile dawa ya bluu inayobadilika rangi ikikuta gesi ya injini kwenye rejeta ni nzuri ila kwenye dizeli ikinguruma tu bila mzigo inaweza kukudanganya, gesi chafu inakuwa kidogo mno.

Ikithibitika ni hedi, basi fanya kazi ya kweli. Rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) juu ya hedi NA juu ya bloku, watu wanaskimu hedi bloku hawaiangalii. Pima slivu zimechomoza kiasi gani, ikizama hata moja gasketi haikai. Gasketi za dizeli nyingi zina unene tofauti zenye alama za matundu au vijipengo, inachaguliwa kwa jinsi pistoni inavyochomoza, sio unaenda dukani kusema nipe ya Fuso. Matundu ya bolti yakaushe, oili ikibaki chini unaweza kupasua bloku wakati wa kukaza. Kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), mpangilio wa kitabu, kwa hatua. Bolti zile za kukaza kwa digrii za kuzungusha zikishavutika nyingi hazirudiwi.

Ukimaliza toa hewa kwenye maji, safari ya kwanza nenda mtupu mpaka Boma Ng'ombe na kurudi, gari ilale, asubuhi kabla hujawasha minya tena ile paipu.